Mjomba, Daktari wa Mwanga, na Barua ya Tatu

Mjomba wangu ni daktari, na tangu aupate huo udaktari hajamtibu mtu hata mafua. Mtaa mzima unalijua jambo hili sasa, ila ulilijua kwa taabu. Aliporudi kutoka masomoni, bibi yangu, ambaye ndiye mama yake mzazi, alitangaza kuanzia kwa kinyozi hadi kwa muuza mkaa kwamba mwanawe karudi daktari kamili. Kesho yake asubuhi mlangoni kwetu palikuwa na watu saba. Mmoja alileta goti, mmoja alileta kikohozi cha mtoto, na mmoja alileta kuku. Mjomba alitoka na mswaki mdomoni, akawaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ni wa vitabu, yeye anachunguza mwanga, huu wa jua na taa. Mwenye kuku akasema basi hapo ndipo penyewe, maana kuku wake tangu juzi anagonga ukuta kama haoni.

Watu walipoondoka, Bibi alimkalisha mjomba kitako, akataka kujua miaka yote ile alikuwa akifanya nini hasa. Mjomba akamwambia kwamba mwanga, ukiukata na kuukata tena, mwisho unafika kwenye chembe ambayo haikatiki, na kazi yake ilikuwa kuzitoa chembe hizo moja moja na kuzihesabu.

Bibi alifikiri kidogo. "Zikifika ngapi unaacha?"

Mjomba alicheka, lakini nilimwona usoni kwamba swali limemkaa.

Mimi shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo mambo ya mwanga nayaandika kama nilivyoyasikia mezani, na nikikosea kosa ni langu. Ninachokijua vizuri ni nyumba yetu. Tulikuwa wanne: Bibi, mama yangu ambaye ni fundi cherehani, mjomba, na mimi. Mjomba alipewa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo, na alikipenda kwa sababu kina dirisha moja tu, nalo dogo. Alilifunika kwa kitambaa cheusi alichomwomba mama. Kisha akaanza kuwinda vitaa. Nasema vile vitaa vidogo vya kijani na vyekundu vinavyokaa kwenye kila kitu cha umeme, kwenye chaja, kwenye redio, kwenye kisanduku cha intaneti. Kule alikosomea, anayehesabu chembe za mwanga hufanya kazi kwenye giza tupu, na kitaa kimoja cha redio kinamwaga chembe nyingi kuliko mchanga wa barabara nzima, hesabu yote ikaharibika. Ndiyo maana huko kila mtu hutembea na tepu nyeusi mfukoni, ile ya mafundi umeme, na akiona kitaa anakibandika kabla hata ya kusalimia.

Mjomba alirudi na tabia hiyo nzima nzima. Wiki ya kwanza alibandika redio ya Bibi, friji, na pasi ya mama. Mama aliunguza gauni la mteja kwa kutoona kwamba pasi imewaka. Mjomba aliomba radhi, akaibandua tepu mbele yetu sote, na baada ya siku mbili pasi ikawa imebandikwa tena. Mama alimuuliza nani kafanya. Mjomba aliitazama ile tepu kwa mshangao wa kweli kabisa. Mkono wake ulikuwa unafanya kazi bila kumwarifu.

Kazi ya kuhesabu mwanga haipatikani mtaani. Mjomba alizunguka na vyeti mpaka bahasha ikachakaa, na mwisho akaangukia kwenye duka la miwani. Mwenye duka ni mzee mmoja mnene, mcheshi, anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja utosini. Alimwajiri mjomba kwa sababu ya lile neno daktari, akalichora mlangoni kwa rangi nyekundu siku hiyohiyo. Mjomba akalifuta siku ya pili, akisema watu watadhani anatibu macho. Huo ulikuwa ugomvi wao wa kwanza.

Wa pili ulikuwa wa mashine. Pale dukani kuna mashine ya kupimia nguvu ya lenzi. Nguvu hiyo huhesabiwa kwa robo robo, na mtu wa robo tatu ukimpa moja kamili, kichwa kitamuuma mpaka aichukie familia yake. Mashine ile mwenye duka aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiamini miaka kumi na minane. Mjomba aliichunguza siku tatu, akatoa lenzi yake mwenyewe aliyokuja nayo kutoka masomoni, akaipima, akaipima tena, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mzee, mashine hii inaongopa robo."

Mwenye duka akamwambia ashushe sauti, wateja wapo. Mjomba akasema hao wateja ndio hasa wenye habari yao. Kisha akalichukua daftari la simu, akaanza kuwapigia wote waliopimwa tangu mwaka ule uanze, warudi wapimwe upya bila kulipa. Mwenye duka alikaa kwenye kiti cha wateja akajishika kichwa, na miwani ya utosini ikaanguka.

Lakini hakumfukuza. Miezi michache baadaye watu walianza kuja kutoka mitaa ya mbali, wanapita maduka mawili ya miwani njiani, wanauliza yuko wapi yule anayechelewesha. Maana kweli alikuwa anachelewesha. Lenzi moja aliifuta kwa karatasi laini mara moja tu, kwa upande mmoja, kisha akaitupa karatasi ile na kuchukua nyingine. Lenzi aliishika kwa ukingo kama mtu anayeshika kisu kisicho na mpini. Siku moja mwenye duka aligusa kioo kwa kidole gumba, na mjomba, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, akatoa mguno uliosikika hadi nje.

Miaka ikaenda. Kila Jumapili baada ya kufua, mjomba alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake na simu, akisoma matangazo ya nafasi za utafiti kwa watu waliokwisha kupata udaktari kama wake. Bibi hakuzielewa nafasi hizo tangu siku ya kwanza.

"Si umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza, mama."

"Na hizo ni nafasi za nini?"

"Za utafiti, kwa waliomaliza kusoma."

"Wakifika huko wanafanya nini?"

Mjomba alikuna kichwa. "Wanasoma."

Bibi alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Maombi aliyopeleka sikuyahesabu, ila majibu niliyajua kwa jinsi alivyokunywa chai. Mahali pamoja walimwandikia kwamba walioomba walikuwa mia tatu na arobaini, nafasi moja, na wanamtakia heri. Mahali pengine walimkataa mara mbili, mara ya pili kwa nafasi ambayo hakuwa ameiomba. Hiyo mjomba aliisoma kwa sauti wakati wa kula, akasema angalau sasa wanamkumbuka.

Halafu likaja lile tangazo. Profesa mmoja, mwanamke, mkuu wa maabara huko mbali, alitaka mtu mmoja kwa miaka miwili. Kazi yenyewe ni kutoa chembe za mwanga moja moja na kuzipitisha kwenye njia zilizochongwa ndani ya kipande cha kioo kidogo kuliko ukucha. Mjomba alisema tangazo limeandikwa na mtu aliyemchungulia kwenye tundu la ufunguo. Lakini lilikuwa na sharti: siku ya mwisho ya maombi, mwombaji awe hajapitisha miaka mitano tangu apate udaktari. Mjomba alihesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda ya ukutani. Sharti lilimwachia siku kumi na tisa. Na karibu matangazo yote ya kazi hiyo yana sharti hilohilo. Baada ya hapo, kwa maneno yake, angekuwa ameoza kwa mujibu wa sheria. Ama nafasi hii, ama miwani mpaka uzee. Sisi wote wanne tulilielewa hilo, hata Bibi, ambaye aliacha kumtania kwa wiki nzima.

Walitaka barua tatu za watu wanaomfahamu kikazi. Mbili ziliandikwa na waliomfundisha, zikaenda upesi. Ya tatu lazima iandikwe na mwajiri wake wa sasa. Na barua hizo haziendi kwa mwombaji. Mwandishi anaituma moja kwa moja kwa profesa, na mwombaji haruhusiwi kuona hata nukta. Bibi aliposikia utaratibu huo alikasirika. Alisema kwao, mtu akitaka kumsema mwanao, anakuja kukaa kwenye kiti na kusema.

Sasa mwajiri wa sasa ndiye yule mzee wa miwani, na mzee wa miwani alikuwa mtu wa mwisho duniani kutaka mjomba aondoke. Alisema ataandika. Aliulizwa baada ya siku tatu, akasema kompyuta inasumbua. Baada ya wiki, kichwa kinasumbua. Mjomba hajui kudai. Alichoweza ni kusimama karibu na meza ya bosi wake, kufuta lenzi na kukohoa, na mwenye duka akampa dawa ya kikohozi.

Zilipobaki siku tatu maombi yafungwe, Bibi alivaa nguo yake ya kutokea, akaniambia nimshikie mkoba. Tukaenda dukani. Bibi akajikalisha kwenye kiti kile kirefu cha kupimia macho, kinachotazama ubao wa herufi.

"Shikamoo mama," mwenye duka alisema. "Umekuja tukuangalie macho?"

"Marahaba. Nimekuja kungojea barua."

Mwenye duka alicheka, akaona Bibi hacheki. Mjomba alijificha nyuma ya mashine. Wateja walipoanza kuingia, ilibidi wapimwe wakiwa wamesimama kando ya Bibi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwinua. Bibi alisoma shule kidogo kama mimi, lakini herufi anazijua, na kufikia saa nne alikuwa ameukariri ubao wote. Na kwa kuwa ana huruma, akaanza kuwasaidia wateja. Mwanamume mmoja aliyekuja akishikilia ukuta alisoma mstari wa chini kabisa bila kigugumizi, kabla hajavalishwa lenzi yoyote. Mwenye duka alimpima mara mbili, akawa anashangaa, mpaka alipoona midomo ya Bibi inatikisika.

Alivua miwani zote mbili. "Mama, naandika. Lakini nitaandika ukweli mtupu."

"Andika, baba. Mimi sikuzaa mwizi."

Aliandika kwa vidole viwili, muda mrefu sana. Mara moja alijichekea peke yake, na kile kicheko sikukipenda. Kisha akaituma, akaifunga kompyuta, akamwambia Bibi kwamba macho yake ni mazima, yanahitaji robo tatu tu za kusomea.

Zikapita wiki tatu, ukaja ujumbe kwamba wamebaki watu wanne, na mjomba ni mmoja wao. Watamhoji kwa kompyuta, Jumatano saa tisa alasiri, nusu saa. Waliomba pia ajiandae kueleza kazi yake kwa mtu asiye wa fani hiyo. Mtu asiye wa fani hiyo tulikuwa naye, tena watatu. Mjomba alitupanga sebuleni akaanza kueleza jinsi chembe moja ya mwanga ikifika kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, inavyoweza kuwa imepita na pia kuwa imerudi, njia zote mbili kwa pamoja, mradi hakuna anayeichungulia. Ukiichungulia tu, inakuwa kwenye njia moja kana kwamba haijawahi kujua nyingine.

Mama alisimamisha cherehani. "Hiyo mimi niliwahi kuolewa nayo."

Bibi alisema hata yeye anaielewa vizuri sana, asiendelee. Mjomba aliandika mfano huo kwenye daftari lake, kisha akaukata.

Kompyuta yake ilikuwa imekufa kamera, akamwomba mwenye duka ile ya dukani. Mwenye duka aliitoa bila kusita, na kumpa ruhusa ya siku nzima, na kumpigapiga begani. Ukarimu wake ulinitia wasiwasi kuliko uchoyo wake.

Jumatano ilipofika, mjomba alivaa shati lililopigwa pasi mara tatu, akaingia chumba cha nyuma, ambacho ndicho chenye intaneti nzuri. Mlango uliachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa, na kwa ajili ya hewa hiyo sisi watatu tukakaa kwenye korido. Walizungumza Kiingereza. Niliyoyaona nimeyaona mwenyewe, na waliyosema mjomba ametusimulia mara nyingi mno, naweza kuyakariri kama Bibi alivyokariri ubao.

Kwenye kioo walitokea watu watatu: yule profesa, mwenye nywele fupi za mvi, na wanaume wawili. Wakasalimiana. Kisha profesa akasema samahani, tunakusikia, lakini hatukuoni, ni giza.

Mjomba akawasha taa. Wakasema bado ni giza. Akaleta taa ya mezani, akaielekeza usoni mpaka akafumba macho. Giza. Akasimama juu ya kitanda, akakivuta kile kitambaa cheusi dirishani, na jua likaingia chumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne na ushei. Tuliona vumbi, tuliona soksi, tuliona kikombe cha mama kilichopotea zamani. Wao hawakuona kitu. Mjomba alianza kubonyeza kila kibonyezo, jasho linamtoka, akieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba mwanga upo, ameupima kwa macho, unatosha kabisa. Dakika nane kati ya thelathini zikawa zimekwenda. Mwanamume mmoja alitazama saa. Bibi akaninong'oneza kwamba mtoto wake amesomea mwanga mpaka umemkimbia.

Hapo profesa akainua mkono. Alimuuliza polepole, "Samahani, wewe umewahi kufanya kazi na vifaa vya kuhesabu chembe moja moja?"

Mjomba akajibu ndiyo, miaka mitano.

"Basi papasa juu ya kioo cha kompyuta yako. Pale katikati."

Mjomba akapapasa. Kidole chake kikakuta tepu. Kando ya kamera ile kuna kitaa kidogo cha kijani, na asubuhi, alipokuwa akiijaribu kompyuta, mkono wake ulikibandika kile kitaa pamoja na kamera yenyewe, na haukumwambia. Aliibandua, na uso wake ukatokea huko mbali, umelowa jasho, na jua zima likiwa nyuma ya kichwa chake. Watu wote watatu walikuwa wanacheka. Profesa alisema mtu wa kazi nyingine asingefanya kosa lile hata kwa kutumwa. Akamsimulia kwamba kijana mmoja wa maabara yake alibandika taa ya kengele ya moto, na jengo zima likaja kukaguliwa. Mjomba aliuliza kama hesabu yake ilitoka sawa siku hiyo. Profesa akasema ilitoka safi sana.

Kisha akaacha kucheka. Alivuta karatasi karibu. Alisema barua hizi kwa kawaida hawazizungumzi, lakini hii ya mwajiri ina mambo mazito, na si haki kumhukumu mtu bila kumsikia.

Mwenye duka alikuwa ameandika kwamba mtumishi huyu ni mzito, anafuta kioo kimoja kwa upande mmoja na kutupa karatasi, kisha anataka karatasi nyingine, maboksi yanaisha. Kwamba hamruhusu hata mwenye mali kugusa mali yake kwa kidole. Kwamba amebandika tepu kwenye mashine, mtu hajui imewaka au imezimika. Kwamba wiki yake ya kwanza alikataa kuiamini mashine iliyoaminiwa miaka kumi na minane, na akawarudisha wateja waliokuwa wameshaondoka na furaha yao. Na kwamba, hili ndilo baya kuliko yote, akiulizwa na mteja jambo asilolijua, anasema hajui.

Profesa alisoma jambo moja moja, na kila moja mjomba alijibu neno lile lile, kwamba ni kweli. Hakujitetea hata kidogo. Kwa lile la mwisho profesa alimuuliza wateja wangapi wameondoka kwa sababu hiyo.

"Wengi," mjomba alisema. "Baadhi yao walirudi."

Yule mwanamume aliyetazama saa akaandika kitu kwa mara ya kwanza. Halafu akamwuliza swali refu, kuhusu chembe ngapi zitapotea ndani ya zile njia za kioo kabla ya kutoka upande wa pili. Kisha mjomba akasema hajui. Kiingereza cha Bibi ni kidogo, lakini neno hilo analijua, kwa sababu ndilo mjomba alilokuwa akijibu utotoni, kwa Kiingereza cha shuleni, kila alipoulizwa nani kamaliza sukari. Alijifunika uso kwa upande wa khanga akaegemea ukuta. Hakusikia yaliyofuata, kwamba mjomba aliendelea kueleza angepima nini wiki ya kwanza, nini wiki ya pili, na kwamba wiki ya tatu angekuwa anajua, au angekuwa anajua kwa nini hajui. Nusu saa iligeuka saa nzima.

Jibu lilichukua siku kumi na moja. Mwenye duka aliulizia kila asubuhi, na kila asubuhi aliposikia bado, alikuwa na hamu ya kula. Mjomba alipunguza mwili. Mama alimpunguzia suruali mara mbili na hakumwambia.

Siku ya kumi na moja mjomba alirudi nyumbani saa sita mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alisimama mlangoni akaangalia viatu vyake. Bibi aliweka chini sufuria akasema basi, mwanangu, hata miwani ni kazi, watu wanaona. Mjomba akasema wamemchukua. Bibi akaendelea kumfariji kama sentensi mbili zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaanza na hakuweza kusimama ghafla. Kisha akakaa chini, akalia, akauliza huko kuna baridi kiasi gani.

Jioni mwenye duka alikuja mwenyewe. Kwetu hajawahi kuja. Mama alimpa kiti cha kushonea, ndicho imara, na mimi nikaleta chai. Aliikoroga kwa kijiko.

"Daktari," alisema, "ile barua. Niliandika mabaya yako yote."

"Najua, mzee. Nilisomewa."

"Sikubakiza."

"Hukubakiza. Nakushukuru."

Mwenye duka alimtazama kuona kama anakejeliwa. Hakukejeliwa. Mjomba alimweleza kwamba profesa amemwandikia kuwa mmoja wa wale waombaji wengine watatu alikuwa na makala mengi kuliko yeye, na mwingine alijibu maswali yote bila kukosa hata moja, lakini mambo yale ambayo mwajiri wake anayalalamikia, profesa mwenyewe kila mwaka hupoteza miezi sita kuyafundisha kwa watu wageni, na wengine hawajifunzi. Mwenye duka alisikiliza mdomo wazi. Alisema laiti angemsifu. Akarudia, laiti angemsifu tu, angeandika ni mchangamfu, mwepesi, hana matatizo na mtu.

"Hapo nisingekwenda popote," mjomba alikubali.

Bibi alimwongezea mgeni chai na kumwuliza kwa adabu ni lini angependa apewe pole rasmi. Mwenye duka akacheka mwishowe, akavua miwani ya machoni akavaa ya utosini, akasema yaliyopita yamepita, shida ni kesho. Mjomba ana mwezi mmoja tu. Yeye mwenye duka anataka tangazo la kutafuta mtu mwingine, libandikwe mlangoni, na kwa kuwa mjomba amesoma matangazo ya kazi kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, basi amwandikie.

Mjomba alichukua daftari. Mwenye duka akaanza kutamka, akitazama dari. Anahitajika mtu wa kutengeneza miwani. Awe anajua kusoma na kuandika. Awe mwepesi wa kazi.

Mjomba akaandika. Mwenye duka alilichungulia lile neno mwepesi kwenye daftari, akalitazama sana.

"Hilo futa," alisema.

Mjomba akalifuta. Tukangoja aseme aandike nini badala yake. Chai ilipoa, na mwenye duka bado anafungua mdomo na kuufumba, mpaka mwisho akasema aandike tu kwamba duka linafunguliwa saa mbili.